Rangi ya kijani iliyokuwa inahama kila mchana

Taa ya tyubu, ile ndefu nyeupe, ina zebaki ndani yake, na zebaki ikiwaka inatoa laini (yaani mstari wa rangi) moja kali ya kijani kwenye nanomita 546.1, huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Hio namba haibadiliki, haijali mwezi gani wala nani kawasha taa. Sasa fikiria nimekaa na kifaa cha kupima rangi za mwanga nilichokiunga mwenyewe miezi mitatu, asubuhi nakielekeza kwenye hio taa kinaniambia 546, nafurahi, naenda kula, nikirudi mchana kinaniambia 557. Nazima nawasha, 557. Kesho yake asubuhi 546 tena kama vile hakuna kilichotokea, mchana 558. Wiki nzima nikawa nailaumu programu yangu, nikaiandika upya mara mbili, nikakibadilishia kifaa sensa, nikabadilisha hadi waya. Kumbe joto la chumba tu. Nyuzi moja, haizidi, na laini ya kijani inatembea nanomita kumi na moja.

Hapo ndo nilipoanza kukipenda hiki kitu kwa kweli, na ndo maana naandika hii posti, manake kila nikimwambia mtu napima spektra kwa fuwele kimiminika ananiuliza "ile ya skrini?" Ndio, ile ile ya skrini, ile ya kwenye kikokotoo na saa ya mkononi. Ila mimi naitumia kinyume. Ile tabia ambayo watengeneza skrini wanahangaika nayo waifute, kwangu ndo kazi yenyewe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kupima spektra maana yake ni kujua kwenye mwanga fulani kuna rangi gani na kila rangi iko kiasi gani. Njia ambayo wote tunaijua ni kuutawanya. Unaupitisha mwanga kwenye prizimu au kwenye kioo chenye mistari midogo midogo iliyobanana, rangi zinaachana, kila moja inaenda upande wake, unaweka sensa unasoma. Njia nzuri sana na imefanya makubwa, Bunsen na Kirchhoff waliitumia wakagundua sizimu mwaka 1860 na rubidi mwaka uliofuata, elementi mbili mpya kwa kuangalia laini za rangi tu. Lakini ina gharama zake. Ili laini zisichanganyike lazima mwanga upite kwanza kwenye ufa mwembamba, na kadiri ufa unavyokuwa mwembamba ndivyo mwanga mwingi unavyobaki nje, yaani unautupa. Alafu kuna nafasi, rangi zinahitaji umbali ili ziachane vizuri. Na kama unataka picha nzima badala ya nukta moja, ujue una kazi, inabidi uifagie picha mstari kwa mstari.

Njia yangu haitawanyi kitu. Rangi zote zinapita mahali pamoja, kwenye tundu moja, zinaingia kwenye sensa moja. Unachofanya ni kuziuliza maswali.

Ili uelewe maswali yenyewe inabidi ujue fuwele kimiminika ni kitu gani, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu historia yake kila mtu kaiandika. 1888, Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer anacheza na kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti (eti karoti, ndo maana namheshimu huyu mtu), anapasha moto kemikali aliyoitengeneza kutokana nayo, inayeyuka kwenye nyuzi 145.5, lakini inayeyuka kuwa uji wenye ukungu, anaendelea kupasha, ikifika 178.5 ukungu unakatika ghafla inakuwa angavu kama maji. Kitu kimoja, kuyeyuka mara mbili. Akamwandikia mwanafizikia Otto Lehmann aliyekuwa na hadubini yenye jiko la kupashia, na Lehmann akaona kwamba ule uji unatiririka kama maji huku unauchezea mwanga kama fuwele. Watu walibishana miaka na miaka kama kitu cha hivyo kinaweza kuwepo. Basi, kipo.

Aina ninayoitumia mimi inaitwa nematiki. Molekuli zake ni ndefu kama vijiti, zinaelea ovyo ovyo kama kimiminika chochote lakini zote zimeelekea upande mmoja, kama samaki wanaoogelea kundi moja. Iliyo kwenye seli yangu (vioo viwili vyenye fuwele katikati) ni kemikali inayoitwa 5CB, ile ambayo George Gray na wenzake wa chuo kikuu cha Hull walitangaza mwaka 1973, na uzuri wake ni kwamba haihitaji jiko, inakuwa nematiki kuanzia kama nyuzi 22 hadi 35. Hizo namba zishike, zitanirudia usoni.

Sasa vijiti vikiwa vimelala upande mmoja, mwanga unaotikisika sambamba na vijiti unaenda polepole kuliko unaotikisika kwa kuvikata. Ndo siri yote hio. Mwanga mmoja, kasi mbili. Kwa hiyo unafanya hivi: unaweka polaraiza, ambayo ni plastiki inayoruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu, unailaza nyuzi 45 dhidi ya vijiti ili mwanga ukiingia kwenye fuwele ugawanyike nusu kwa nusu, nusu ya haraka na nusu ya polepole. Zikitoka upande wa pili moja imeachwa nyuma. Alafu unaweka polaraiza ya pili iliyoelekea kama ile ya kwanza, hio inazilazimisha nusu mbili zikutane tena zitoe jibu moja.

Jibu linategemea zimeachana kiasi gani, na hapa ndo patamu. Chukua seli yenye unene wa maikromita 5, na tofauti ya kasi iwe ya kiasi cha 0.2 (hio ni tofauti kati ya indeksi mbili za mpindo, namba zinazosema mwanga unapunguzwa kasi kiasi gani, 5CB iko kama 0.18 lakini tuifanye hesabu iwe rahisi). Zidisha, unapata nanomita 1000 za kuachana. Sasa fikiria askari wawili kwenye gwaride, mmoja kaachwa nyuma umbali wa 1000. Kama hatua ya rangi, yaani urefu wa wimbi lake, ni 500, yaani bluu inayoelekea kijani, kaachwa hatua mbili kamili, kwa hiyo bado wanakanyaga pamoja, kushoto kulia, mwanga wote unapita. Kama hatua ni 667, hio ni nyekundu, kaachwa hatua moja na nusu, mmoja anakanyaga kushoto mwenzake kulia, wanafutana, hakuna kinachopita. Kioo kile kile, umbali ule ule, rangi moja inapita nyingine inazimwa. Rangi zilizo katikati zinapita nusu nusu.

Mtengeneza skrini akiona hivyo anashika kichwa. Ye anataka nyeusi iwe nyeusi kwa rangi zote na nyeupe iwe nyeupe, hataki kioo chake kiwe na upendeleo, ndo maana skrini zinawekewa filamu za kusawazisha na vijiti vinapangwa kwa kujisokota na ujanja mwingine mwingi tu. Mimi nautaka huo upendeleo, tena nautaka mkubwa.

Ukiongeza umeme mambo yanakuwa matamu zaidi. Kuta mbili za seli zimepakwa tabaka jembamba la kupitisha umeme ambalo ni angavu. Ukiweka volti ndogo hakuna kitu, vijiti vimelala tu, mpaka ufike kwenye kizingiti, karibu na volti moja hivi, kizingiti kilichopewa jina la Mrusi Fréedericksz aliyekifanyia kazi miaka ya 1920. Ukikivuka vijiti vinaanza kunyanyuka kuelekea mwanga unakotoka, na kijiti kikikuelekea uso kwa uso mwanga hauoni tena tofauti ya pande mbili. Kwa hiyo ile ya kuachana inapungua, 1000, 900, 700, 300, karibu na sifuri. Kwa kuzungusha kitufe cha volti tu. Hakuna kinachosogea, hakuna mota, hakuna gia, hakuna kelele.

Seli yangu ina maikromita 25, na 5CB ndani, kwa hiyo inaanza na kuachana kwa kama nanomita 4500. Kwa ile kijani ya 546 hizo ni hatua nane na kidogo. Maana yake nikipandisha volti kutoka moja hadi kumi, kijani inawaka na kuzimika mara nane. Nyekundu ina hatua ndefu, inapepesa kati ya mara sita na saba. Bluu ya zebaki, ile ya 435.8, inapepesa zaidi ya mara kumi. Kila rangi ina mapigo yake, na sensa inayasikia yote kwa pamoja, imechanganyika, kama chumba chenye saa za ukutani nyingi kila moja inagonga kivyake. Kazi yako ni kutoka kwenye ule mchanganyiko uzitenganishe saa.

Kabla sijaenda huko, kuna njia nyingine ambayo ndo wengi wanaonunua vifaa hivi wanaipata, nayo ni ya kichujio. Badala ya kuchanganya na kutenganisha kwa hesabu, unapanga seli kadhaa mfululizo na polaraiza kati yake, kila hatua ina unene mara mbili ya iliyotangulia. Ya kwanza inapitisha vilima vipana vya rangi, ya pili vilima vyembamba zaidi lakini vingi, ya tatu vyembamba zaidi, na rangi inayopita ni ile tu ambayo hatua zote zimeikubali, mmoja akikataa basi. Wazo hili ni la Bernard Lyot, Mfaransa wa mambo ya jua, alilitoa mwaka 1933, na Msweden Yngve Öhman naye akalifikia kivyake miaka michache baadaye. Lyot alitumia fuwele ngumu, kwazi na kalsaiti, alitaka kuliangalia jua kwa laini moja tu ya hidrojeni bila mwanga mwingine kumwingilia. Huyu bwana alifia njiani, Misri, 1952, akitoka Sudan alikoenda kuangalia kupatwa kwa jua. Sijui kwanini hio habari huwa inanikaa kichwani kila nikishika polaraiza.

Kichujio cha Lyot cha kalsaiti kinakaa kwenye rangi moja, kukihamisha ni kazi. Weka fuwele kimiminika kwenye kila hatua, ukawa na kichujio unachokiambia kwa volti "nipe 520" kinakupa 520, "nipe 680" kinakupa 680, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kutoka kama 400 hadi 720, na upana wa rangi inayopita mara nyingi ni nanomita 10 hivi. Ukikiweka mbele ya kamera unapata picha ya kila rangi moja moja, picha nzima kwa mkupuo. Wa hadubini wanakipenda, wanaochunguza michoro ya zamani wanakipenda, kwa sababu rangi mbili ambazo macho yanaona ni moja kumbe kwenye spektra ni mbali mbali kabisa.

Lakini mimi nina ugomvi na hiki kichujio. Kinakula mwanga vibaya mno. Polaraiza ya kwanza tu imeshatupa nusu, alafu kila polaraiza inayofuata inachukua chake, na upande wa bluu kinachobaki mwishoni kinaweza kuwa chini ya moja ya kumi ya ulichoingiza. Juu ya hapo, ukiwa unaangalia 520 rangi nyingine zote unazitupa, ukija 530 ile 520 unaitupa. Kama chanzo chako kina mwanga mwingi haikusumbui. Kama unaangalia kitu kinachong'aa kidogo unakaa unasubiri.

Kwa hiyo nikachagua njia ya saa za ukutani. Seli moja, polaraiza mbili, sensa moja, na rangi zote zinafanya kazi muda wote.

Kwenye vitabu inasemwa kirahisi sana: rekodi mwanga kwa kila kiwango cha kuachana, fanya hesabu ya Fourier, ile ya kutenganisha mapigo yaliyochanganyika, spektra hio hapo. Ni wazo lile lile la mwanafizikia Michelson la kugawanya mwanga kwa vioo viwili, isipokuwa kioo kinachosogea umekiondoa ukaweka volti. Nikafanya. Nikapata kilima kimoja kinene kama kobe kuanzia kijani hadi rangi ya chungwa.

Sababu ya kwanza ni ya msingi na hakuna wa kumlaumu. Uwezo wa kutofautisha rangi mbili unatokana na umbali wa kuachana uliofikia, unachukua urefu wa wimbi unauzidisha kwa wenyewe unagawanya kwa huo umbali. Kwa 550 na kuachana kwa 4500 unapata nanomita 67. Yaani kwa hesabu kavu kifaa changu hakiwezi kutofautisha rangi mbili zilizo karibu zaidi ya nanomita 67, hio ni kama kusema mtu anaona watu lakini hatofautishi mtoto na babu yake. Utasema ongeza unene. Sawa, ongeza. Tatizo ni kwamba vijiti ukivizimia umeme vinarudi kulala kwa unyumbufu wao wenyewe, na muda wa kurudi unakua kwa mraba wa unene. Seli ya maikromita 5 inarudi kwa kama milisekunde 25. Ya 25, unene mara tano, muda mara ishirini na tano, zaidi ya nusu sekunde. Ya 50, sekunde mbili na nusu. Na hio ni kila swali. Ujanja mdogo niliojifunza ni kuanza na volti ndogo kwenda kubwa, usirudi, kwa sababu kunyanyuka kunasukumwa na umeme lakini kulala hakuna anayekusukumia. Hata hivyo nasubiri sekunde mbili kila hatua, hatua 120, dakika nne kwa spektra moja.

Sababu ya pili ni kwamba kuachana kwenyewe hakufanani kwa rangi zote. Tofauti ya kasi kwenye bluu ni kubwa kuliko kwenye nyekundu, kwa hiyo saa za bluu zinagonga haraka zaidi ya hesabu ya Fourier inavyotegemea. Hesabu inadhani kila rangi imepewa kipimo kimoja, kumbe kila moja ina chake.

Suluhisho nililolipenda ni kuachana na Fourier kabisa. Nikaazima monokrometa, kifaa kinachotoa rangi moja safi kwa wakati, nikaipitisha kwenye seli rangi moja baada ya nyingine kila nanomita 5, na kwa kila rangi nikarekodi mapigo yake kwenye zile volti 120. Ikanichukua siku mbili na mgongo ukauma. Mwishoni nina jedwali, safu za kwenda chini ni rangi, mistari ni volti, kila rangi ina alama yake ya kidole. Mwanga wowote usioujua ukija ni mchanganyiko wa hizo alama, kilichobaki ni kutafuta kila moja imechangia kiasi gani. Hakuna fomula ya kitabuni, hakuna kudhani kwamba seli imetengenezwa vizuri, kasoro zote za seli yangu zimo kwenye jedwali na zinafanya kazi kwa faida yangu.

Ukiitatua kijinga kompyuta inakupa takataka, namba kubwa za chanya na hasi zinapishana, kwa sababu alama ya 550 na ya 555 zinafanana kama mapacha na kelele ndogo tu ya sensa inatosha kuichanganya. Kwa hiyo unaibana. Kwanza unaiambia mwanga hauwezi kuwa hasi, hilo peke yake linasafisha nusu ya uchafu, nilishangaa. Alafu unaiambia unategemea jibu la aina gani, laini chache kali au kilima kipana cha taratibu. Kwa taa ya tyubu nikaiambia laini chache, na pap, 436, 546, na ile ya karibu na 611 inayotoka kwenye unga mwekundu wa taa. Kutoka kwenye kifaa ambacho kwa hesabu kavu hakioni chini ya nanomita 67. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walichapisha mwaka 2016 kamera nzima inayofanya hivi, seli moja ya fuwele kimiminika mbele ya sensa ya picha, picha wanazopiga ni chache kuliko rangi wanazopata mwishoni, mengine yote yanamalizwa na hesabu.

Ila ngoja niseme ukweli, hapa ndo pa kudanganyika. Siku moja nikaielekeza kwenye taa nyeupe ya LED nikasahau kubadilisha mpangilio. LED nyeupe ina kilele kikali cha bluu karibu na 450 alafu kilima kipana cha njano kinachoteremka taratibu hadi kwenye nyekundu. Programu ikanipa laini saba, zimejipanga kama meno ya kitana, kali, safi, zinapendeza kabisa. Za uongo zote. Niliiambia itafute laini, ikatafuta laini. Kama nisingekuwa naijua LED ningeamini, na ningekuchorea grafu hapa na ungeamini na wewe. Kwa hiyo msimamo wangu, na najua kuna wataalamu watanikunjia uso: kwa kuhakiki kitu unachokijua hii njia ni tamu sana, mfano kuuliza hii rangi ni ile ile au imebadilika. Kwa kugundua kitu ambacho hakuna anayekijua, bado napeleka kwenye prizimu kwanza.

Sasa turudi kwenye kijani inayohama. Vijiti vinapopata joto vinaanza kuyumba, upangaji unalegea, tofauti ya kasi inapungua. Kwa 5CB kwenye joto la kawaida la chumba inapungua kama asilimia mbili kwa kila nyuzi moja. Rangi ikipepesa pungufu asilimia mbili, jedwali langu linadhani ni rangi yenye hatua ndefu zaidi asilimia mbili. Asilimia mbili ya 546 ni kumi na moja. Nilipoiandika hio hesabu kwenye kipande cha karatasi nikacheka peke yangu, wiki nzima nimepima joto la chumba kwa kutumia taa ya dari, tena kwa usahihi mzuri tu. Sasa hivi seli imekaa kwenye kipande cha alumini chenye kipasha joto na termomita ndogo, imeshikiliwa nyuzi 28, na kijani inakaa 546 asubuhi mchana usiku.

Kabla ya hapo nilishaiua mara mbili. Mara ya kwanza niliweka taa kali ya halojeni karibu mno, nikawa napanda na volti huku natazama grafu, mapigo yakawa yanapungua nguvu, yanapungua, ghafla grafu ikawa mstari ulionyooka kama sakafu, volti yoyote jibu moja. Nikajua waya umekatika. Nikainua seli, ndani angavu kama maji ya kunywa. Imevuka 35. Imekuwa kimiminika cha kawaida, vijiti vimetawanyika kila upande, hakuna tena kasi mbili, hakuna kitu. Ikapoa dakika chache ukungu ukarudi na kila kitu kikarudi, nikakaa nimeitazama tu. Hio haikuwa kifo, ilikuwa usingizi.

Mara ya pili ilikuwa kifo. Niliunganisha betri moja kwa moja, umeme wa upande mmoja, nikaiacha Ijumaa hadi Jumatatu. Usifanye hivyo. Uchafu wenye chaji ulioko ndani unakokotwa kwenda ukutani unaganda pale, na vijiti vinaona umeme ambao we hujauweka. Jumatatu nilikuta madoa, na kizingiti kimehama, na hata nikizima bado seli inajifanya imewashwa. Inatakiwa umeme unaogeuka, mara elfu moja kwa sekunde hivi, vijiti vyenyewe havijali upande, vinajali nguvu tu. Kila mwongozo umeandika hivyo ukurasa wa kwanza. Mi sikusoma ukurasa wa kwanza.

Watu huwa wananiuliza kama vitu vinavyochoka kirahisi hivi vinaweza kutumika kwenye kazi za maana. Chombo cha Solar Orbiter, kilichorushwa Februari 2020 kwenda kuliangalia jua kwa karibu, kimebeba seli za fuwele kimiminika za kuchambua mwanga kwenye vifaa vyake viwili. Kule kazi yake ni kupima mtikisiko wa mwanga zaidi ya rangi, lakini ni kioo kile kile, volti zile zile. Ukiwekewa joto lako sawa na umeme wako sawa unafika mbali.

Jana usiku nilijiuliza swali la kipuuzi: je, naweza kutenganisha laini mbili za njano za sodiamu? Ziko 589.0 na 589.6, prizimu nzuri inaziona mbili. Nikapiga hesabu. Ninahitaji kuachana kwa karibu nanomita 578,000, zaidi ya nusu milimita, kwa hiyo kwa tofauti ya 0.2 seli yenye unene wa kama milimita 2.9. Hio ni mara 580 ya ile ya maikromita 5, na muda unakua kwa mraba, kwa hiyo milisekunde 25 zinakuwa sekunde 8,400. Masaa mawili na dakika ishirini, vijiti vilale. Kwa swali moja, na mimi nauliza maswali 120. Hapo sijataja kwamba kwenye unene huo vijiti vya katikati vimeshausahau ukuta uko wapi na kioo kizima kinakuwa maziwa.

Kwa hiyo nimeagiza seli mbili za maikromita 10, nizipange mfululizo kila moja na volti yake. Zikifika nitaanza jedwali upya, rangi moja baada ya nyingine, na safari hii nimeshatafuta kiti chenye mgongo.